Chongo Nimeliita Kengeza

Wahenga walisema ukipenda chongo utaita kengeza. Magari hawakuyataja, lakini naapa aliyelitunga neno hilo alikuwa ndiyo kwanza ametoka kukagua gari la kununua, arbuni imo mfukoni, na nyumbani mkewe hasemi naye.

Nimefundisha hisabati miaka 35. Katika muda huo nimemiliki magari matatu, yote meupe, yote ya milango minne, na yote niliyanunua kwa sababu moja tu: yalipatikana. Hakuna hata moja lililowahi kumgeuza mtu shingo, ukiacha lile la pili ambalo ekzosi yake ilidondoka mbele ya msikiti siku ya Ijumaa, watu wakitoka. Basi nilipostaafu na kiinua mgongo kikaingia, nikajiambia: safari hii nanunua gari la kutazamwa. Gari la michezo. La zamani, la milango miwili, lenye sauti.

Mama Watoto aliuliza swali moja tu. "Michezo gani, na mgongo huo?"

Gari lenyewe nilikuwa nalo moyoni tangu Pasaka ya 1971. Nilikuwa na miaka 9, na siku za Safari Rally mtaani hakuna aliyetumwa dukani akarudi kwa wakati, maana kila kibaraza kilikuwa na redio. Mwaka huo Edgar Herrmann na mwelekezi wake Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z, na wa pili akaja Shekhar Mehta, naye kwa 240Z. Nikakata picha gazetini nikaibandika kwenye jalada la daftari la hesabu. Gari jekundu, boneti nyeusi. Gazeti lenyewe lilikuwa la rangi nyeusi na nyeupe, kwa hiyo wekundu niliuongeza mwenyewe kichwani. Mnaona nilivyoanza mapema.

Mwaka 1973 Mehta akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo, tena kwa kisa cha kupendeza: yeye na Harry Källström, aliyekuwa kwenye Datsun ya aina nyingine, walimaliza wakiwa sawa kwa alama, ikabidi watafutiwe kanuni ya kuwatenganisha. Wenzangu walimkumbuka Mehta. Mimi nilikumbuka hesabu na gari.

Sasa, mtu akitangaza kwamba anataka gari la zamani, cha kwanza kumfikia si gari. Ni washauri. Watu ambao hawajawahi kumiliki hata baiskeli yenye kengele walinijia barazani na kahawa yangu wakainywa. Mmoja akaniambia nisikilize injini kwa sikio la kushoto. Mwingine akaniambia gari la zamani hukaguliwa usiku, ndipo husema kweli. Shemeji yangu akasema niachane na Wajapani, nichukue MGB ya Muingereza, kwa kuwa anamjua mtu Kilifi anayo moja ya wazi, isiyo na paa.

Tukaenda Kilifi. Nilikuwa nimesoma kidogo. MGB, iliyotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, haina chasi ya pekee chini yake. Bodi ndiyo inayojibeba, na sehemu kubwa ya mzigo huo iko kwenye zile kingo za chini ya milango. Kutu ikizila kingo, gari hupinda katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea. Kipimo chake ni rahisi: weka jeki, inua gari kidogo, kisha fungua mlango. Ukikataa, kingo hazipo. Iliyopo ni rangi tu. Tukaweka jeki, tukainua, na mlango ukagoma kabisa. Tatizo ni kwamba mwenye gari alikuwa amekaa ndani akinionyesha redio. Bahati yake gari halina paa. Alitokea juu, mzee wa watu, akiwa ameshika viatu mkononi, na tangu siku hiyo shemeji hajanishauri tena.

Juma lililofuata nikaletewa picha kwenye simu. Datsun 240Z. Nyekundu. Boneti nyeusi. Iko Nyali, umbali wa tuktuk moja kutoka nyumbani kwangu. Chini ya picha muuzaji ameandika: "Ndiyo ile ile iliyoshinda Safari."

Najua. Msiniambie. Gari lenyewe lililoshinda mwaka 1971 Nissan wamelihifadhi kwao Japani, huko Zama, limeng'arishwa na kuheshimiwa kama bibi wa watu. Hilo nilikuwa nalijua siku nyingi. Lakini nilipoiona ile picha nikasema moyoni: labda hakumaanisha ile ile, alimaanisha ile ile. Kengeza hilo.

Nikajiandaa kama mwalimu. Nilichukua daftari, nikaligawa karatasi kama mtihani: Kutu alama 40, Ndani alama 20, Mwendo alama 20, Injini alama 20. Nikabeba tochi, jeki, mkeka wa kulalia chini ya gari, na sumaku niliyoibandua kwenye friji bila ruhusa. Nikamkodi na fundi. Mama Watoto naye akasema atakuja, si kwa sababu ya gari, bali kwa sababu bahasha ya arbuni iko kwenye mkoba wake na mkoba wake hautembei peke yake.

Tulifika saa moja asubuhi, na kwa makusudi. Injini ya zamani ni kama mgonjwa anayeogopa sindano: ikishapata moto huficha maradhi yake yote. Ukiikuta baridi ndipo utakapoona inavyowaka kwa shida, ndipo utakapoona ule moshi wa buluu wa oili iliyovujia kwenye silinda usiku kucha, ndipo utakaposikia vyuma vikilalamika kabla oili haijavifikia. Nikaweka kiganja juu ya boneti. Moto kama kikaango cha chapati.

"Umeiwasha?" nikamuuliza muuzaji.

"Hasha, mzee wangu. Juma zima haijawaka. Ni jua hilo."

Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachungulia, na gari limeegeshwa chini ya mwembe. Nikaandika daftarini: "Jua."

"Basi tufungue boneti," akasema Mama Watoto.

Muuzaji akaeleza kwa huzuni kwamba waya wa kufungulia umekatika, ila kijana wa kuja kuutengeneza yuko njiani. Waya huo hukatika kweli kwenye magari haya, nilikuwa nimesoma. Nikatikisa kichwa kwa uelewa. Tutaanza na kutu.

Ndugu msomaji, kutu ndiyo kila kitu. Injini hufumuliwa ikafungwa upya, viti hushonwa, lakini bodi iliyoliwa ni kununua hewa iliyopakwa rangi. Na Datsun hizi zilizaliwa na bati linalopenda kutu hata bila ya kuletwa Mombasa, ambako upepo wenyewe una chumvi ya kutosha kuungia mchuzi. Hula chini ya betri, ambako tindikali hudondokea bati. Hula sakafu, kingo za chini ya milango, matao ya magurudumu ya nyuma, na kile kishimo cha tairi la akiba ambacho hukusanya maji kama birika. Dawa ya kugundua ni sumaku iliyofungwa kitambaa isikwaruze rangi. Penye bati itanasa. Penye fila, ule unga mzito wanaozibia mashimo kabla ya kupiga rangi, itateleza.

Sumaku yangu iliteleza kwenye kingo. Ikateleza kwenye matao. Kwenye mlango wa kulia ilinasa kidogo, ikafikiri, ikaanguka. Mahali iliponasa vizuri ni kwenye antena.

"Sumaku hii ya friji," nikasema, "haina nguvu."

"Nyumbani inashikilia bili tatu za stima," akasema Mama Watoto.

Fundi alikuwa chini ya gari, kwenye mkeka wangu, na kila nilipomuuliza alijibu jibu moja. Sakafu je? "Kidogo tu, mzee." Reli za chini je? "Kidogo tu hiyo." Nilikuja kujua baadaye kwamba muuzaji alikuwa amemwahidi chai akikubali gari, na mimi nilikuwa nimemwahidi chai akilikagua, kwa hiyo maskini alikuwa anakunywa vikombe viwili kwa mdomo mmoja. Mama Watoto hakuuliza mtu. Aliingia ndani akakunja zulia la upande wa abiria, kama anavyoligeuza ndani nje gauni la mitumba kabla ya kutaja bei. Kisha akaniita. Nikachungulia. Kupitia sakafu ya gari nilimwona kuku akipita, na kuku naye akaniona.

Kutu: nikatoa 28 kwa 40. Nilikuwa mwalimu mpole siku zote.

Ndani, dashibodi ilikuwa imepasuka kama ardhi ya Tana River wakati wa kiangazi. Nikasema zote hupasuka. Ni kweli, jua huzipasua zote, ila nadhani niliisema hiyo kweli kwa furaha kuliko ilivyostahili. Saa ya dashibodi haitembei. Mshale wa presha ya oili haujashuka hata siku moja, kwa sababu haujawahi kupanda. Alama 14 kwa 20.

Ikaja zamu ya kuendesha. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba gari la michezo haliingiwi, huvaliwa. Unatanguliza mguu mmoja, unainamisha kichwa, unamwomba Mungu, kisha unajiachia. Ukishakaa, miguu yako imenyooka mbele kama maiti na macho yako yako sawa na magurudumu ya matatu. Muuzaji akageuza ufunguo. Likanguruma! Kuku akakimbia, watoto wa jirani wakatoka, moyo wangu ukarudi Pasaka ya 1971. Sasa najua kwamba ekzosi iliyotoboka hungurumisha hata mashine ya kusagia, lakini wakati ule nilisikia simba.

Tukatoka barabarani. Tuta la kwanza tulilipanda kwa upande. La pili lilitugusa tumboni. Tulipofika penye nafasi nikakanyaga mafuta kwa mguu wa ushindi, na tuktuk iliyobeba abiria watatu na gunia la viazi ikatupita. Dereva wake akanipungia mkono.

"Injini haijapata moto," nikasema.

"Si uliipata na moto asubuhi?" akajibu Mama Watoto kutoka nyuma, alikojikunja mahali pa mizigo kwa sababu gari hili lina viti viwili tu na fundi alisema lazima akae mbele asikilize. Kisha akaanza kukohoa. Hilo pia nilikuwa nimelisoma: gari likitembea, hewa huzunguka nyuma yake na kuuvuta moshi wa ekzosi urudi, na mipira ya mlango wa nyuma ikichakaa, moshi huingia ndani. Nikamweleza kitaalamu, huku nikimtazama kwenye kioo akijipepea kwa bahasha ya arbuni. Hakupendezwa na utaalamu. Mwendo: alama 15.

Tulipofunga hesabu nilikuwa na 57. Na hapa ninaungama mbele yenu. Nilitazama zile alama za injini, ambayo bado sijaiona, nikapiga hesabu kwamba nikiipa 14 jumla itakuwa 71. Sabini na moja! Kama mwaka wenyewe! Mwalimu wa miaka 35, niliyewahi kumrudishia mtoto wa chifu karatasi kwa nusu alama, niliandika 14 kwa kalamu nyekundu kabla boneti haijafunguliwa.

"Mpe bahasha," nikamwambia mke wangu.

"Mkoba haufunguki," akasema, "mpaka boneti ifunguke."

Kijana wa waya hakuja. Fundi, nadhani kwa kuuonea aibu ule mkeka wangu, akachukua bisibisi na waya mgumu, akahangaika dakika kumi, na boneti ikainuka kwa nyuma, upande wa kioo, kama inavyotakiwa. Sote tukainama.

240Z imeitwa hivyo kwa sababu ya injini yake: lita 2.4, au kwa usahihi sentimita za ujazo 2393, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, kabureta mbili ubavuni. Kwao Japani waliiita Fairlady. Yutaka Katayama, aliyekuwa mkuu wa biashara yao Marekani, aliliona jina hilo haliuziki kule, akashikilia liende kwa jina la 240Z. Nilikuwa namsimulia Mama Watoto kisa hicho cha jina aliponikatiza.

"Silinda sita huwa na plagi ngapi?"

"Moja moja. Sita."

"Hebu hesabu, mwalimu."

Nikahesabu. Nikahesabu tena kutoka upande wa pili, kama nilivyowafundisha wanafunzi kuhakiki jibu. Nne. Mbele ya injini kulikuwa na uwazi mkubwa ambamo mtu angeweza kulaza mtoto.

"Hiyo si mbaya, mzee wangu!" akaruka muuzaji. "Hiyo ni injini ya Datsun 1600. Ukoo mmoja na ile ya sita. Na Herrmann alishinda Safari ya 1970 kwa Datsun 1600!"

Kinachoniuma ni kwamba kila alichosema ni kweli. Alishinda kweli. Na injini zile kweli ni ndugu. Ile kubwa ni kama hii ndogo iliyoongezwa silinda mbili. Nikahisi nimeanza kulainika. Nikauliza namba ya chasi, ile iliyopigwa kwenye ukuta wa bati nyuma ya injini. 240Z ya usukani wa kulia iliyouzwa nje ya Japani huanza na HS30. Fundi akapangusa kwa kidole akasoma: "R, S, thelathini."

RS30 ni 260Z, mdogo wake, aliyekuja 1974. Mtu alikuwa amebandua nembo ya 260 akabandika ya 240. Bwana Katayama alimbadili mtoto jina. Huyu alimbadili ukoo. Hilo nalijua sasa kwa utulivu. Pale nilipokuwa, nimeinama, jasho likinitiririka, wazo la kwanza lililonijia, nalisema kwa aibu, lilikuwa hili: RS... labda ni Rali ya Safari.

Nililisema kwa sauti.

Kimya kikatanda. Hata fundi alitazama chini. Kisha Mama Watoto akamgeukia muuzaji kwa adabu zote. "Mwanangu, nieleweshe. Nembo ni ya 1971. Bodi ni ya 1974. Injini ni ya 1970. Bei hii ni ya mwaka gani?"

Kijana wa watu hakuwa na jibu. Fundi, akiona kikombe kimoja cha chai kimemwagika, akaamua kukishika kile cha pili: akakumbuka ghafla kwamba sakafu imeoza, reli imechomelewa mara tatu, na giaboksi inalia kwenye gia ya tatu. "Nilitaka kukwambia, mzee."

Nyumbani nilizila. Nilikasirika na muuzaji, na fundi, na shemeji, na gazeti la 1971. Jioni Mama Watoto akalichukua daftari langu, akasahihisha upya. Hakutumia dakika tano. Kutu 3, Ndani 4, Mwendo 2. Penye Injini hakuweka alama yoyote, aliandika tu: "Mtahiniwa hakufika."

Miaka 35 nimekuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba anayelijua jibu kabla ya swali hafanyi hesabu, anapamba. Kila dosari ya gari lile niliiona. Sikudanganywa hata mara moja. Sumaku ilisema, boneti ilisema, hata kuku alisema. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafasiria wote. Kwa hiyo kama nawe umeanza kulala ukiota gari la ujana wako, nenda kalione, hakuna atakayekuzuia. Lakini nenda na mtu asiyelipenda, na bahasha ashike yeye.

Jumamosi tunakwenda Voi, ambako hakuna chumvi ya bahari, kuna mzee mwenye 240Z iliyokaa bandani miaka mingi. Mama Watoto ameshafunga jeki, mkeka na sumaku ndani ya kapu, na nimemsikia akimuuliza mzee huyo kwenye simu namba ya chasi inaanzaje. Ile ya Nyali bado inauzwa, bei imeshashuka mara mbili. Ukiiona, hesabu plagi.